Anayetaka Kuyaona Maua ya Kitulo Aanze Safari Nyumbani

Askari husafiri sana, lakini ni mara chache asafiripo pamoja na watu wake. Huamriwa kwenda akaenda, huamriwa kurudi akarudi. Mkewe na watoto huzijua safari zake kwa masimulizi tu, tena kwa yale machache yanayoruhusiwa kusimuliwa. Likizo ifikapo, siku hukatika katika kuezeka paa lililotoboka, kuamua kesi za ukoo na kuhudhuria matanga yaliyokuwa yamepita. Siku ya mwisho mtoto mdogo hushika mkanda wa baba na kuuliza kama safari hii hawezi kwenda naye.

Ndiyo maana yafaa kila jamaa ya askari au polisi ijiwekee, japo mara moja katika miaka kadhaa, safari isiyoandikwa na mkubwa yeyote wa kazi. Iwe safari ya kwenda kutazama jambo zuri, kisha kurudi. Kusini mwa Tanzania pako mahali panapostahili safari ya namna hiyo. Ni uwanda wa Kitulo, ambao kila mwaka, mvua zinapouamsha, hujifunika maua kuanzia miguuni pa mtazamaji hadi ukingo wa mbingu. Wenyeji wa huko hupaita Bustani ya Mungu.

MAJIRA YA MAUA NI MAJIRA YA MVUA

Katika nchi za Ulaya maua ya kondeni hungoja baridi kali iondoke, na majira hayo huitwa majira ya kuchipua. Katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta hakuna theluji ya kungojewa iyeyuke mashambani. Kinachoiamsha ardhi ni mvua. Kwa hiyo anayepanga safari ya maua hana budi kwanza kuijua mvua, na hapo ndipo wasafiri wengi kutoka Uganda hukosea.

Mkazi wa Kampala au Masaka amezoea mvua mbili kwa mwaka: ya Machi hadi Mei, na ya Septemba hadi Novemba. Kwake yeye Januari ni mwezi wa jua na vumbi. Lakini mvua hulifuata jua. Desemba jua linapokuwa limesogea upande wa kusini wa dunia, ukanda wa mawingu nao husogea kulifuata, na kuzifikia Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Huko mvua ni ya msimu mmoja mrefu, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili au Mei. Basi hutokea kwamba jamaa inaondoka nyumbani katika kiangazi, watoto wamevaa viatu vya wazi na shati nyepesi, na siku chache baadaye inashuka katika mvua na ukungu ikiwa haina hata mwavuli mmoja.

Maua ya Kitulo hukolea kati ya Desemba na Aprili. Septemba hadi Novemba kuna jua zaidi na ni rahisi kutembea, lakini maua ni machache. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu. Hakuna juma moja ambamo kila ua hufunguka. Aina moja hupisha nyingine, kama zamu za ulinzi. Mtu atakayefika mwanzoni mwa msimu hatayaona yale yale atakayoyaona mtu wa Machi, na wote wawili watakuwa wameyaona maua.

Hapa pana jambo la kukubaliwa mapema, kabla ya kukata tikiti. Mvua iletayo maua ndiyo iharibuyo barabara. Anayetaka barabara kavu isiyo na utelezi atafika na kuona majani. Anayetaka maua hana budi kuivumilia mvua, matope na saa kadhaa za ukungu. Safari ya Kitulo haikwepi taabu hiyo. Kazi ya maandalizi ni kuikutia tayari.

KITULO NI MAHALI GANI

Uwanda wa Kitulo uko katika mwinuko wa karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Karibu na hapo husimama mlima Mtorwi wenye urefu wa mita 2,961. Udongo wake unatokana na majivu ya volkano, na ndio unaoulisha umati huo wa mimea.

Mwaka 1877 Mwingereza James Frederick Elton, aliyekuwa konseli wa nchi yake huko Msumbiji, alizipita nyanda hizo katika safari ambayo hakuimaliza, kwani alifariki mwezi Desemba mwaka huo huo. Kwa miaka mingi ramani za wageni ziliuita uwanda huo kwa jina lake. Wenyeji wa vijiji vya pande zote waliendelea kuuita kama walivyouita. Baadaye Serikali ilianzisha shamba la ng'ombe wa maziwa katika sehemu ya uwanda, na hata leo nyasi za Kitulo ni jirani wa malisho na mashamba ya viazi.

Mwaka 2005 Tanzania iliutangaza uwanda huo kuwa Hifadhi ya Taifa, yenye kilomita za mraba zipatazo 413. Ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Hifadhi nyingine watu huziendea kwa ajili ya simba, tembo na twiga. Kitulo watu huenda kutazama kitu kisichokimbia wala kunguruma. Zimehesabiwa huko aina zipatazo 350 za mimea, na miongoni mwake aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Ndiyo sababu wataalamu wa mimea hupafananisha na Serengeti, wakisema ni Serengeti ya maua.

Wanyama wakubwa ni wachache, na hiyo ni neema kwa jamaa yenye watoto, kwa kuwa Kitulo ni mahali pa kutembea kwa miguu. Msitu wa Livingstone, ulio ndani ya hifadhi hiyo, ni makao ya kima aitwaye kipunji. Watafiti walimtambua mwaka 2003 katika milima ya sehemu hizo, na habari zake zikatangazwa mwaka 2005. Mwaka uliofuata ilithibitishwa kwamba anastahili kuwekwa katika jenasi yake pekee, jambo lililokuwa halijatokea kwa kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Wawindaji wa huko walikuwa wakimtaja zamani, na jina lake wataalamu walilipata kwao.

HESABU YA SIKU

Yafaa kuchukua mfano wa sajini mwenye mke na watoto wawili, ambaye amepewa likizo ya siku 14. Kutoka Kampala hadi Kitulo kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,500. Njia ifaayo kwa mabasi hupita Masaka hadi mpaka wa Mutukula, kisha Bukoba, Biharamulo, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, Iringa na Makambako, hadi kufika Chimala. Mutukula, mahali palipoungua katika vita vya 1978 na 1979, leo pana kituo cha pamoja ambapo maofisa wa nchi mbili huwahudumia wasafiri chini ya paa moja. Ni vema mzazi awaonyeshe watoto mahali hapo, wajue kwamba mipaka nayo hupona.

Usiku wa kwanza hulalwa Bukoba, wa pili Kahama, wa tatu Dodoma, na wa nne Chimala. Kwa hiyo kwenda ni siku 4, na kurudi siku 4. Siku 1 iwekwe ya kupumzika, kufua na kuuliza habari za barabara ya juu. Siku 3 ni za uwandani. Zinabaki siku 2, na siku hizo mbili zisipangiwe kitu chochote. Ni za mvua. Lori likikwama mlimani na kuifunga njia, ni hizo zitakazotumika. Askari aliyechelewa kuripoti kikosini hawezi kumwambia mkuu wake kwamba alizuiwa na maua.

Kutoka Chimala, mahali palipo kilomita 78 mashariki ya Mbeya katika barabara kuu ya Dar es Salaam, njia huelekea kusini na kupanda hadi Matamba. Kipande hicho huitwa Hamsini na Saba, kwa kuwa ndiyo idadi ya kona zake kali. Gari lipandalo huko liwe lenye nguvu ya magurudumu yote manne, na dereva awe mwenyeji azijuaye kona hizo wakati wa matope. Safari ianze asubuhi, na mtu asikubali kushuka gizani kwa ajili ya kuokoa kodi ya chumba cha usiku mmoja. Iko pia njia ya pili, itokayo upande wa Mbeya na kupitia Isyonje, isiyokuwa na kona hizo. Hali ya njia zote mbili hubadilika mwaka hadi mwaka, na hata juma hadi juma. Basi iulizwe kwa walinzi wa hifadhi siku ile ile ya kupanda.

Kwa bahati njema kalenda ya shule inaikubali safari hii. Likizo ndefu ya wanafunzi wa Uganda huanza Desemba na kumalizika karibu na mwanzo wa Februari, nayo iko katikati ya msimu wa maua. Askari anayetaka likizo ya Januari aiombe mapema, maana wenzake wengi huitaka Desemba kwa ajili ya sikukuu. Akiukubali mwezi ambao wengine hawaugombei, atasikilizwa kwa urahisi zaidi.

HESABU YA FEDHA

Katika nyumba nyingi mazungumzo ya safari huvunjika hapa. Baba hutangaza safari kwa shangwe, watoto huruka, na mama hunyamaza kwa sababu anajua kilichomo katika mkoba.

"Baba watoto," huuliza baadaye, watoto wakisha kulala, "karo ya Februari iko wapi katika hesabu hii?"

Swali hilo si la kuzuia furaha. Ndilo la kwanza katika maandalizi yote, na baba mwenye busara hulijibu kabla ya kuulizwa. Desemba huja na sikukuu, na Februari huja na karo, sare na madaftari. Safari ya Januari husimama katikati ya matumizi mawili makubwa ya mwaka. Isipowekewa fedha zake yenyewe itakula karo; na safari iliyokula karo hubaki kuwa ugomvi hadi mwaka unaofuata.

Kwa hiyo akiba ya safari ianze Februari, mara tu karo ya mwaka huo inapokwisha kulipwa. Kuanzia Februari hadi Desemba ni miezi 11. Jamaa iandike katika daftari mambo haya: nauli ya kwenda na kurudi kwa kila mtu, vyumba vya usiku, chakula cha njiani, kukodi gari la kupandia mlimani, ada ya hifadhi na ya kiongozi, na fungu la dharura. Jumla igawanywe kwa 11. Kiasi kitokacho kila mwezi kipelekwe katika chama cha akiba na mikopo siku ile ile ya mshahara, kabla hakijazoea kukaa nyumbani. Iwapo kiasi hicho ni kikubwa kuliko uwezo, safari isifutwe. Igawanywe kwa miezi 22. Maua yataota tena mwaka utakaofuata.

Msafiri akumbuke kwamba raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa ada ya hifadhi iliyo ndogo kuliko ile ya wageni wa mbali. Aulize kiasi chake na namna ya kulipa kabla ya kuondoka, na achukue kitambulisho cha uraia cha kila mtu.

VITU VYA KUFUNGASHA

Kazi ya kufungasha mara nyingi huachiwa mama, lakini katika safari hii baba ana ujuzi wa kazini unaofaa nyumbani. Askari anajua kwamba mzigo usiohitajika huchosha, na uliosahauliwa hugharimu. Basi wakae wote wawili na orodha.

Kwanza ni karatasi. Kila mtu awe na pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho huombwa kwa wanaoingia Tanzania kutoka Uganda. Askari na polisi wachukue pia ruhusa ya maandishi ya kusafiri nje ya nchi. Hizo zote ziwekwe katika mfuko mmoja usiopenya maji, na mfuko huo uwe na mtu mmoja wa kuulizwa.

Pili ni mavazi. Katika mwinuko wa mita 2,600 jua likizama baridi huingia mifupani, hata katika msimu wa joto wa mahali pengine. Kila mmoja awe na sweta mbili, koti la mvua, soksi za kutosha, kofia ya jua na buti za mpira au viatu vinavyofunika kifundo cha mguu. Blanketi moja ya ziada kwa kila watoto wawili si anasa. Sare za kazi zibaki nyumbani, pamoja na koti, kofia au begi lolote lenye madoa ya kijeshi, hata kama ni la mtoto. Nchini Tanzania raia hawaruhusiwi kuvaa mavazi ya namna hiyo, na mgeni atakayeyavaa atajitafutia maelezo marefu barabarani.

Tatu ni vifungashio. Tangu tarehe 1 Juni 2019 Tanzania imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu, na wageni hutakiwa kuiacha mpakani. Vyakula na nguo vitiwe katika vikapu na mifuko ya kitambaa. Mama anayejua kusuka au kushona ataona kwamba kazi hiyo yaweza kufanywa na watoto wenyewe miezi kadhaa kabla, nao wataanza kuihisi safari ingali mbali.

Nne ni chakula. Mahindi ya kukaanga, karanga, mkate mkavu, mayai ya kuchemsha ya siku ya kwanza na chupa kubwa ya chai vitaokoa fedha nyingi katika vituo vya mabasi. Huko juu viazi ni vingi, na jamaa haitalala njaa. Hewa ya mlimani ni nyepesi, kwa hiyo siku ya kwanza watoto wasikimbizwe, wanywe maji mara kwa mara, na mwenye maradhi ya kifua au ya moyo amwone daktari kabla ya kuondoka.

JINSI YA KUYATAZAMA

Matamba ni mahali pa kupata kiongozi na chumba cha kawaida cha wageni. Wenyeji wa upande huo ni Wawanji, na mgeni anayeanza kwa salamu kabla ya maswali atapokewa vizuri. Hapa ndipo Kiswahili cha kambini kinapopata kazi nyingine: lugha ambayo baba aliijua kwa amri na ripoti, watoto wataisikia ikitumiwa kuuza viazi, kubembeleza mtoto na kuelekeza njia.

Asubuhi uwanda huweza kuwa umefunikwa na ukungu hata mtu asione hatua kumi mbele. Asikate tamaa wala asimwamuru kiongozi ageuke. Ukungu ukiinuka huonekana kwanza yale marefu: maua mekundu na ya manjano yaliyosimama kama mienge, na lobelia kubwa zilizonyooka kama nguzo. Kisha huonekana ya kimo cha goti, jamii za yungiyungi, za alizeti ndogo na za jerani. Mwisho, kwa yule tu aliyekubali kuinama, huonekana zile okidi, nyingine zikiwa na ua lisilozidi ukucha wa kidole kidogo, lenye mistari na madoa ambayo hakuna mfumaji wa kitambaa ambaye angeweza kuyalingania.

Mtoto atataka kuchuma, na lazima azuiwe. Lakini afadhali aambiwe sababu kuliko kuamriwa tu, kwa maana sababu yenyewe ni hadithi.

Chini ya okidi nyingi za Kitulo, udongoni, mna viazi viwili vidogo. Kimoja kimekunjamana: ndicho kilicholisha jani na ua la mwaka huu, na kazi yake inakaribia kwisha. Cha pili kimejaa na ni kigumu: ndicho akiba ya mwaka ujao. Kila msimu mmea hutumia cha kwanza na kujaza cha pili. Ua linaloonekana kwa siku chache za Januari liliwekewa akiba msimu uliotangulia, kimya kimya, bila mtu kuliona. Mbegu zake nazo ni nyepesi kama vumbi, hazina chakula ndani yake, na haziwezi kuota zisipokutana na kuvu wa aina fulani udongoni. Ndiyo sababu okidi iliyong'olewa hairudi upesi kama mahindi yaliyovunwa.

Na zinang'olewa. Nchini Zambia kiko chakula cha asili kiitwacho chikanda, kinachopikwa kwa unga wa viazi vya okidi na karanga zilizotwangwa. Zamani kilikuwa chakula cha vijijini, na viazi vyake vilichimbwa karibu na nyumbani. Mahitaji yalipokua mijini na okidi za huko kupungua, wachimbaji walivuka mpaka, na Nyanda za Juu Kusini za Tanzania zikawa ghala yao. Mamilioni ya viazi hivyo yamepelekwa Zambia katika mwaka mmoja. Mchimbaji hakihitaji kiazi kilichokunjamana. Hukitaka kile kilichojaa. Huchukua, kwa maneno mengine, ua la mwaka ujao. Hofu ya kuziona okidi zikitoweka ilikuwa mojawapo ya sababu za kuutangaza uwanda huo kuwa hifadhi.

Haifai kumhukumu mchimbaji kwa haraka. Mara nyingi ni mtu maskini, mwanamke au kijana, anayetafuta fedha ya chumvi na madaftari. Walinzi wa hifadhi wanalijua hilo, na polisi msomaji wa ukurasa huu analijua pia: sheria hulinda mahali, lakini mahali hulindwa zaidi jirani yake anapopata riziki bila kulichimba. Mgeni anayelala Matamba, akanunua viazi vya mviringo vya huko na kumlipa kiongozi wa huko, huongeza sababu moja ya kuiacha okidi ardhini.

NDEGE ALIYETANGULIA

Kama jamaa ina bahati, itamwona juu ya nyasi ndege mdogo mwenye rangi ya bluu nzito inayong'aa na mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Ni mbayuwayu wa bluu, ambaye idadi yake duniani imepungua sana kwa kuwa nyasi za milimani anamozalia zimegeuzwa mashamba. Huzaa katika nyanda za kusini msimu wa mvua, Kitulo ikiwa miongoni mwa makao yake. Mvua zikiisha, karibu na Aprili, huondoka kuelekea kaskazini, na miezi ya baridi ya kusini huipitishia katika nyasi zilizo karibu na Ziwa Viktoria, zikiwemo za Uganda. Septemba inapokaribia hurudi tena kusini.

Watoto wa sajini watafurahi kuambiwa kwamba ndege huyo amewatangulia. Njia waliyoipita kwa siku 4 katika mabasi, na mabegi magotini, yeye huipita kila mwaka na hana mzigo wowote ila mafuta aliyoyahifadhi mwilini mwake kabla ya kuruka. Yeye naye huweka akiba kwanza.

Kwa wale ambao mwaka huu hawawezi kuvuka mpaka, mafunzo ni hayo hayo. Lobelia kubwa zimo pia katika milima ya Elgon na Rwenzori, nazo humtaka mtu ajue mvua yake, ahesabu siku zake na aache mmea mahali alipoukuta.

Jamaa ya sajini itakaporudi, karo italipwa, sare zitapigwa pasi, na baba ataripoti kikosini siku aliyotakiwa. Buti za mpira zitaoshwa na kuwekwa chini ya kitanda. Kisha, mshahara wa Februari utakapoingia, mama atafungua daftari ukurasa mpya na kuandika juu yake jina la mahali pengine, mahali ambapo watoto wenyewe watakuwa wamepachagua. Akiba haiozi. Kiazi cha kwanza kimekwisha kutumika. Sasa ni wakati wa kujaza cha pili.